Mama Anayelaza Michai

Masika mengi yameipitia milima ya Roret, na mama anayelaza michai michanga angali anatambaa kwa magoti kati ya mistari, vijiti vyenye kulabu vikiwa kwapani. Hulipapasa tawi mpaka lilegee, kisha hulishusha taratibu na kulibana ardhini, ili mche upanuke badala ya kurefuka. Asubuhi moja Kimeli, mwenye shamba aliyeng'oa mahindi yake yote apande chai, alisikia tawi likialika, akaja mbio.

"Mama, unaniulia chai!"

"Unataka chai ama mkaratusi? Utachuma na ngazi?" akamtania, lakini mkono wake ulikwisha simama. Akautazama ufa wa lile tawi. "Hili nimelikimbiza kabla halijalegea, Kimeli. Makosa ni yangu."

Akachana ukingo wa leso yake, akalifunga tawi kwa upole wa mtu anayefunga kidole cha mtoto. Kimeli alichutama, akamshikia tawi lililofuata. Mwenyezi Mungu aibariki mikono ile, na awakunjulie rehema zake wana wa mama huyu, wajukuu wake na wote wa nyumba yake.