Mitaro Miwili Iliyopishana

Walimwita Spika, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Tangu shule ya msingi walimu walimwambia ashushe sauti, kana kwamba sauti ni sketi iliyopanda juu ya magoti, na tangu shule ya msingi alikataa. Alilelewa na shangazi yake, mshona nguo, katika nyumba ya mwisho mtaani, pale ambapo mvua yote iliyonyesha upande wa juu ilikuja kulala. Alijifunzia kusoma juu ya meza ya cherehani, miguu ikining'inia juu ya maji. Kwa hiyo, alipofika chuoni na kuchaguliwa kuwaongoza wanafunzi wa kujitolea, hakupendekeza wakapake kuta za watu rangi. Alitaka mtaro.

Wakajigawa makundi mawili. Lake lingechimba kupanda juu kutoka korongoni, chini ya mtaa, kupitia mlangoni kwa shangazi; la pili lingeanzia juu, barabarani, likiongozwa na kijana wa uhandisi aliyeitwa Injinia, ingawa hakuwa amejenga hata banda la kuku. Wangekutana katikati. Kila jioni makundi yalitumiana picha za majembe na jasho kwa simu, na kila picha ikajibiwa kwa kidole gumba. Spika alituma maagizo marefu kuliko mtaro wenyewe, Injinia alijibu, "Sawa, kiongozi."

Siku ya kukutana, hawakukutana. Mitaro ilipishana ubavu kwa ubavu, ukuta wa udongo katikati, kama majirani wasiosalimiana. Kundi la chini lilikuwa limepima kutoka kwenye kuta za nyumba, la juu kutoka ukingoni mwa barabara, na barabara ile ilijipinda.

"Wasomi wetu," akasema fundi baiskeli mwenye kibanda jirani, "huu ni wa kwenda na ule wa kurudi, au vipi?"

Mtaa mzima ukacheka. Mhadhiri aliyekuwa mlezi wa kikundi hakucheka.

"Mgeni wa heshima anafika kesho," alisema. "Fukieni huu wa chini. Atapigwa picha kwenye ule wa juu."

"Na maji, mwalimu?"

"Tutayashughulikia muhula ujao."

"Ukifukia wa chini, maji ya barabara nzima yataingia kwa shangazi yangu. Zamani yalijitafutia njia. Sasa tumeyachimbia ya kuelekea kwake."

"Punguza sauti, binti. Uongozi si makelele. Kama huwezi kutii, nitampa mwenzako."

"Mpe. Mimi sifukii."

Mhadhiri akamtazama Injinia, akamwambia kwamba kuanzia kesho kiongozi ni yeye, akaenda zake. Wanafunzi wakakaa chini kungoja ugomvi.

"Nilikwambia mita mbili," Spika alianza.

"Uliniambia mambo mengi, dada."

"Si ungeuliza?"

"Nafasi ya kukuuliza naipata wapi? Ukimaliza kusema, simu yangu imeishiwa chaji."

Wakaangua kicheko, na kicheko kile kilimchoma kuliko maneno ya mhadhiri. Maisha yake yote alikuwa amepigania haki ya kusema, na hakuijutia hata kidogo; lakini hakuwahi kumwomba mtu amrudishie alichosikia. Akakaa ukingoni.

"Haya. Ulisikia nini?"

"Mita mbili."

"Kutoka wapi?"

"Hapo ndipo hukusema."

Kweli hakusema. Alidhani kila mtu angejua ni kutoka kwenye kuta, kwa kuwa yeye alikulia baina ya kuta hizo.

Asubuhi waliingia wote mitaroni kuukata ule ukuta wa udongo, makundi yakichanganywa, wa juu na wa chini wakikabiliana, na jembe halikushuka kabla anayeambiwa hajarudia alichoambiwa. Kazi ilienda pole pole. "Nimesikia nikate kushoto, mheshimiwa," aliimba mmoja, wengine wakizomea. Hata fundi baiskeli alikuja na sururu yake. Ndipo gari la mgeni likasimama barabarani, na ukuta wa udongo ulikuwa bado haujapasuliwa.

"Pandeni, mnawe, mjipange," mhadhiri aliamuru. "Kiongozi, tangulia."

"Nikipanda, mwalimu, huku nani atanishikia kamba ya kupimia?" Injinia aliuliza, bila kuinuka.

Hakupanda yeye, wala Spika, wala mwingine yeyote. Mgeni alipiga picha na mhadhiri na dereva, mashati yakiwa meupe pe. Picha hiyo ilitundikwa chuoni, na Spika hakurudishiwa uongozi, wala hakuomba radhi ili arudishiwe.

Mvua kubwa ilipokuja, alikuwa kwa shangazi. Maji yaliteremka kwa kishindo, yakafika penye kiungo walichokata pamoja, yakajipinda, yakaupita mlango. Shangazi alisimama kizingitini, futi ya kupimia nguo shingoni.

"Piteni zenu," aliyaambia. "Nyumba hii ina wenyewe."