Diski ya Pili

Mwaka ule niliporudi Bariadi kwa likizo ndefu ya chuo, nilikuja na kazi ambayo nyumbani hakuna aliyeielewa vizuri. Nilikuwa nimechaguliwa na mradi wa mfumo endeshi huria, yaani ile programu kubwa inayoiendesha kompyuta nzima, ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua bure, kuufungua ndani na kuurekebisha. Wanaoutengeneza wametawanyika nchi nyingi na wengi wao hawajawahi kuonana. Kila mwaka huchukua wanafunzi wachache, na kila mwanafunzi hupewa mlezi wa kumwongoza kwa miezi mitatu. Mlezi wangu alikuwa mama wa makamo aliyeishi mbali sana. Asubuhi yake ilikuwa alasiri yangu.

Nilikaa kwa shangazi yangu, dada yake baba, mwenye duka la steshenari karibu na stendi. Alinipa meza ndogo nyuma ya mashine ya fotokopi, na wateja wakiuliza yule binti anafanya nini pale kutwa nzima, alijibu kwamba anatengeneza kompyuta za nje. Nilimwacha aseme hivyo.

Niliogopa tangu siku ya kwanza. Ujumbe wa mistari miwili niliusoma mara tano kabla sijautuma. Kila wiki kulikuwa na kikao cha sauti cha wanafunzi, walezi na mafundi wakubwa wa mradi, na kila wiki niliandika kwamba mtandao wa huku ni mbaya. Mara nyingi mtandao ulikuwa mzuri tu. Kiingereza nilikisoma na kukiandika, lakini kukisema mbele ya watu sikuthubutu. Mlezi wangu hakunibana. Aliandika tu kwamba nikiwa tayari nitakuja.

Kazi niliyopewa ilihusu programu ya kusakinisha, ile inayouweka mfumo kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza. Inapofika hatua fulani, humwonyesha mtu orodha ya diski zilizomo, akachagua moja, nayo ikafutwa yote ili mfumo ukae hapo. Orodha ile ilikuwa imevurugika. Mimi nilitakiwa kuipanga, diski kubwa ije juu, kila moja ionyeshe jina lake. Nilifanya kazi ile kwa wiki mbili, nikafuta, nikaandika upya. Nilipoituma, mlezi wangu aliipitia mstari kwa mstari, akasahihisha vitu vidogo, mwisho akauliza swali moja: je, nimeijaribu kwenye kompyuta yenye diski mbili?

Sikuwa na diski mbili. Nilikuwa na laptopi moja ya mtumba yenye diski moja, na hiyo ndiyo niliyojaribia. Ningeweza kuandika hivyo. Lakini niliwaza kwamba wanafunzi wenzangu wa nchi nyingine hawawezi kukosa kitu kama hicho, na kwamba huenda wenye mradi wakajiuliza kwa nini walimchukua mtu asiye na vifaa. Nikaandika: "Ndiyo, nimejaribu."

Rekebisho langu likapokelewa. Siku chache baadaye likaingia kwenye toleo la majaribio, lile ambalo watu wa kujitolea hulisakinisha mapema ili waone kasoro. Shangazi alipika wali na samaki kutoka Lamadi. Tulikula nikiwa na furaha kweli, sitasema uongo.

Furaha ile haikumaliza wiki. Asubuhi moja nilifungua ukurasa ambako watu huripoti hitilafu, nikakuta ripoti mpya. Mtu mmoja, ambaye jina lake pale lilikuwa herufi na namba tu, alieleza kwamba alisakinisha toleo la majaribio huku diski yake ya nje ikiwa imechomekwa. Alichagua diski ya ndani ya kompyuta. Alikuwa na hakika kabisa. Lakini kilichofutwa ni ile ya nje. Humo zilikuwa picha za mama yake, aliyefariki mwaka uliotangulia, na video chache alizomrekodi akiimba jikoni. Hakutukana. Aliuliza tu kama kuna njia yoyote ya kuzirudisha.

Nilijua kabla sijamaliza kusoma. Nilikuwa nimeipanga upya orodha inayoonekana kwa macho, lakini ndani, namba za diski zilibaki kwenye mpangilio wa zamani. Mtu akigusa ya kwanza kwenye kioo, kompyuta inachukua ya kwanza ya orodha ya zamani, ambayo huenda ni nyingine. Kwenye kompyuta yenye diski moja huwezi kuliona kosa hilo. Kwenye yenye mbili, unaliona mara ya kwanza tu unapojaribu.

 Mteja alikuja kutaka nakala za cheti, shangazi akaniita nimsaidie, nikatoa nakala tisa badala ya mbili. Nilifunga laptopi, nikaifungua, nikaifunga tena. Chini ya ripoti ile watu wengine walikuwa wameshaanza kuulizana tatizo linaweza kuwa wapi, na mmoja alibashiri sehemu tofauti kabisa na yangu. Nilimshukuru moyoni, halafu nikajichukia kwa kumshukuru. Nilishasikia kwenye redio ya dukani habari za watu kukamatwa kwa makosa ya mtandao, na ingawa nilijua akilini kwamba langu si la namna hiyo, pikipiki yoyote iliyosimama mbele ya duka ilinishtua.

Kesho yake nikamwambia shangazi kwamba nimemkumbuka mama, nakwenda kusaidia pamba. Alinitazama kidogo, maana kazi ya pamba nilikuwa naikwepa miaka yote, lakini akanifungia sukari na sabuni nimpelekee. Nikapanda gari la asubuhi kwenda Sapiwi. Simu niliizima kabla hatujatoka mjini.

Mama nilimkuta uani ameketi kwenye turubai, anachambua pamba, safi anaitupa huku, ile iliyochafuka tunayoiita fifi anaiweka kule. Nikamwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaitikia bila kusimamisha mikono, nikakaa upande wa pili wa turubai nikaanza kuchambua. Siku hiyo na iliyofuata nilifanya kazi kuliko nilivyowahi kufanya. Michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa aliyoniwekea niliyaacha nusu. Kila mlio wa simu ya jirani ulinifanya niinue kichwa, wakati yangu ilikuwa imezimwa ndani ya begi.

Siku ya tatu mama aliacha kuchambua. Akapangusa mikono kwenye khanga, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Una mimba?"

Nilimwambia sina. Aliendelea kunitazama, nami nikaona kwamba na yeye alikuwa amekaa na hofu yake siku mbili zote, akinihesabia vijiko vya chakula. Nikaanza kulia. Kisha nikamweleza, kwa Kisukuma na Kiswahili, kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kuna kitu nimekitengeneza, watu wanakiweka kwenye mashine zao, kina kosa langu, na mtu mmoja kimempotezea picha za mama yake marehemu. Na kwamba niliulizwa kama nimekijaribu, nikadanganya.

Nilidhani ataniuliza kama nitafungwa. Hakuuliza hilo. Aliuliza, "Hiyo kitu, watu bado wanaichukua?"

"Bado."

"Hata leo?"

"Hata leo, mayu."

 Alirudi kwenye pamba yake. Kwa siku tatu nilikuwa nimemwogopea mtu mmoja tu, mimi mwenyewe. Haikunipitia akilini kwamba wakati nachambua fifi pale uani, mwingine mahali fulani alikuwa anachomeka diski yake na kubonyeza kitufe nilichokitengeneza.

Nyumbani mtandao hukamata kwa shida, kwa hiyo nilitembea hadi kwenye godauni la pamba, ambako ukisimama upande wa mlango unapata. Lilikuwa jua la mchana. Watu walikuwa wanapakia magunia kwenye lori wakiitana, na mimi nilisimama kivulini mwa ukuta nimeshika simu kwa mikono miwili. Nilipoiwasha ujumbe uliingia mfululizo. Mlezi wangu alikuwa ameandika mara mbili kuuliza kama niko salama. Sikujibu hayo. Nilimwandikia kwamba hitilafu ni yangu, nikaonyesha mstari wenyewe, nikaeleza inavyotokea, nikaomba toleo lisimamishwe. Aya ya mwisho ndiyo iliyonichukua muda. Niliandika: "Uliniuliza kama nimejaribu na diski mbili. Nilisema ndiyo. Sikuwa nimejaribu. Sina diski ya pili." Nikatuma kabla sijaisoma tena, kitu ambacho sikuwahi kukifanya.

Nilingoja pale hadi lori likaondoka. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Alisema ameshaliondoa toleo, na anamwandikia yule mtu asiiguse diski yake kabisa mpaka wamwelekeze. Kisha: "Ungeniambia huna diski ya pili, ningejaribu mimi kwa dakika kumi. Mstari ule ni kosa la kawaida. Hilo lingine si la kawaida. Kesho kuna kikao, na ninataka ulieleze wewe mwenyewe, kwa sauti yako."

Nilirudi Bariadi kesho yake asubuhi. Nilimweleza shangazi kwamba alasiri nina mazungumzo na kwamba huenda nikafukuzwa. Hakuuliza mengi. Saa ilipofika alizima mashine ya fotokopi ili isipige kelele, akasimama mlangoni akiwaambia wateja warudi baadaye.

Nilivaa visikilizio. Walikuwa watu wanane, sauti tu, hakuna sura. Mlezi wangu alinikaribisha kwa jina, nikajua ni zamu yangu. Kiingereza changu kilitoka vipande vipande. Nilisahau neno la "mpangilio" nikalizunguka kwa maneno mengine manne.  Nilieleza kosa, nikaeleza uongo, nikaomba radhi.

Mwanamume mmoja mwenye sauti nzito, fundi wa siku nyingi katika mradi, aliuliza kwa nini ripoti ilikaa siku tatu bila mimi kusema kitu.

"Niliogopa," nikasema.

"Uliogopa nini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Ninyi," nikamjibu.

 Nilisikia mtu akikohoa mbali na kipaza sauti. Kisha yule mwanamume akasema, "Sawa. Endelea," nami nikaendelea kueleza jinsi ya kurekebisha, kwa sababu hicho ndicho kilichobaki.

Sikufukuzwa. Niliambiwa nirekebishe mwenyewe, na safari hii mtu mwingine ajaribu kabla ya mlezi wangu kupitisha. Shangazi alifungua kompyuta mbovu iliyokuwa imewekwa stoo, tukatoa diski yake, nikawa na diski mbili za kujaribia. Rekebisho lilirudishwa mara tatu. Kila mara liliporudi niliogopa vilevile kama mwanzo, na hofu haikupungua hata kidogo kwa kuwa sasa nilikuwa nimesema kweli. Nilikuwa nimefikiri ingepungua.

Yule mtu alielekezwa hatua kwa hatua na wenzangu wawili. Picha nyingi zilirudi, bila majina na bila tarehe, zimechanganyikana. Video hazikufunguka hata moja. Aliandika hivyo kwenye ukurasa ule ule, akawashukuru waliomsaidia.

Mimi nilimwandikia baadaye. Nilimwambia ni mimi niliyeandika sehemu ile, kwamba sikuijaribu na nilisema nimeijaribu, na kwamba nasikitika kwa ajili ya mama yake. Nilifungua ukurasa ule kila asubuhi kwa wiki nyingi, kabla hata sijafagia duka, nikiwa naogopa kwamba amejibu na naogopa kwamba hajajibu. Hakujibu. Sikumlaumu, na hata leo simlaumu.

Miezi mitatu iliisha, nikapita, nikarudi chuoni. Bado nafanya kazi na mradi ule, na vikaoni nasema. Koo hukauka kila ninapoanza, nakunywa maji, naanza hivyo hivyo. Ripoti ile ilifungwa zamani. Juu yake kuna alama ya kijani, na neno linalomaanisha kwamba tatizo limekwisha.