Wamefungua

Levi Komora alikuwa fundi wa dishi pale Garsen, na alipenda mno kuitwa fundi. Ukimpigia simu kwamba dishi lako limegeuzwa na upepo, anaacha wali mezani na kuja. Kazi alifundishwa na kaka yake Pekeshe, anayeishi Madogo, mbali huko, upande wa juu wa mto Tana. Kila chaneli ya kulipia ilipoachiliwa ionekane bure, Pekeshe alimwandikia neno moja: "Wamefungua." Hapo Levi alikimbilia rimoti, maana chaneli hizo hufungwa tena bila taarifa.

Walikuwa na makubaliano mengine, mazito kuliko hayo. Mama yao, Sarah, alikuwa analala kwenye kibanda shambani, chini ya kijiji cha Ngao, kulinda mpunga wake usiliwe na viboko. Huko simu haishiki. Mabwawa ya juu yakijaa, maji hupita Madogo kwanza, kisha huchukua siku kadhaa kumfikia mama. Kwa hiyo Pekeshe akipata habari za maji angemwambia Levi, na Levi angekwenda kumtoa mama kwa pikipiki; mama naye alilijua hilo.

Mvua zilipokuwa zikipiga huko bara, Levi aliitwa na Mumina, mwenye hoteli ya chai kando ya barabara. Mumina alikuwa amepata televisheni ya zamani, ile nene ya kichogo, na alitaka wateja waone mpira bila kulipia kila mwezi. Dishi halikusumbua. Kilichosumbua ni televisheni yenyewe: dekoda ilitoa nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano, na televisheni ilikuwa na tundu moja tu la antena. Levi akazunguka madukani mpaka akapata kijisanduku cha kuunganisha viwili hivyo. Picha ikaja safi. Sauti ikawa mvumo mtupu.

"Fundi, picha iko, sauti hakuna," Mumina akasema. "Sasa watu wangu watatazama mabubu?"

"Ngoja kidogo, mama. Hii ni setingi tu."

Alikuwa anabadilisha mfumo wa sauti simu ilipolia. Ujumbe wa Pekeshe: "Wamefungua. Usichelewe."

Na Levi, jamani, akafurahi! Akamwambia Mumina kwamba bahati imemwangukia, chaneli ya mpira imefunguliwa. Mtu aliyezaliwa mtoni! Kila anayelima kando ya Tana akisikia wamefungua, anajua ni milango ya mabwawa, anatazama watoto wake wako wapi. Lakini Levi alikuwa na rimoti mkononi, na neno likamwingia kifundi. Akajibu, akitaka namba ya kuitafutia chaneli: "Frikwensi ngapi?"

Jibu halikuja. Wakati huo Pekeshe alikuwa anahamisha watoto na magodoro kuwapeleka barabarani, na simu yake ikazama baada ya kuusoma ujumbe huo, kabla hajajibu. Levi alitafuta chaneli hiyo mpaka adhana ya alasiri. Alipoikosa alisema basi, wameshaifunga tena. Akatengeneza sauti, akanywa chai ya Mumina, akaenda zake. Siku zilizofuata alipanda mapaa ya watu wengine, wala jambo hilo halikumrudia kichwani. Siku hizo zilitosha kumtoa mama, na mpunga, na kuku, na hata mlango wa kibanda.

Habari alizipata hapo hapo hotelini, alipoitwa tena kukaza nguzo ya dishi. Televisheni ilionyesha Madogo, nyumba zikiwa ndani ya maji hadi madirishani.

"Fundi, si huko ni kwa ndugu yako?" Mumina akauliza, akaongeza sauti.

"Hiyo picha ya zamani," mteja mmoja akasema. "Hayo maji ishapita huko. Saa hii iko kwetu."

Levi akaisoma simu yake upya. Kisha akatoka mbio, akawasha pikipiki, akaenda mpaka mahali ambapo njia ya Ngao ilikuwa imegeuka mto, na hapo akasimama akipiga kelele za kumwita mama yake, ambaye hakuwa karibu kiasi cha kumsikia.

Maji yalipopungua walikuta mwili wa mama umenasa kwenye migomba. Pekeshe alifika kwa njia ya kuzunguka, na hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema tu, "Uliniuliza frikwensi. Frikwensi ya nini, Levi?" Levi alilia mbele za watu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Baada ya maziko akajiwa na Randu, Mgiriama aliyelima jirani na mama. Alitaka kumfariji, masikini, hakujua anachokisema.

"Mama yenu hakuwa na hofu," Randu alimwambia. "Nilimpitia na mtumbwi, nafasi imebaki ya mtu mmoja. Alikuwa ameshafunga mzigo wake. Akaniambia, mchukue jirani yetu Josephine, ana mimba. Mimi, Levi yuko njiani."