Dudumizi wa Shimo la Matofali

Honorine alikaa Lubumbashi majuma matatu tu, kisha akafunga mkeka wake akarudi kwao Kilwa, ile ya ziwani Mweru. Hakuwa amegombana na mumewe. Hakukosa unga, wala samaki, wala kitenge. Alichokosa ni ndege.

"Baba Mutale," alimwambia Kapya, akimwita kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa, "huku kwenu asubuhi inaliaka siren ya usine tu. Miye siwezi kuikala mahali ya vile. Siku dudumizi italia mu muji yako, unitumie neno. Nitakuya."

Watu wa mjini watacheka. Mke gani anamwacha mume kwa ajili ya ndege? Haya, wacheke. Hawajalala Kilwa, kando ya ziwa, ambako anayeamsha watu si king'ora cha kiwanda bali dudumizi, kwa sauti yake ya maji yanayomiminwa kutoka chupani. Kapya alizaliwa akiisikia, na yeye pia ilimuuma kuikosa. Lakini kazi ilikuwa mjini, kwenye ofisi ya zoni, serikali ya sehemu yao ya mji, kufyeka majani ya barabarani. Kwa miaka sita alipika peke yake, akala peke yake, na kila Chomba, dereva wa lori la samaki, alipofika kutoka Kilwa, Kapya alimwuliza habari za mkewe mpaka yule bwana akachoka.

Kisha zoni ikapata mpango. Citoyen Mwansa wa ofisini (wakati ule kila bwana aliitwa citoyen, yaani raia) alikuja na karatasi yake, akawasomea wafanyakazi: lile shimo kubwa la nyuma ya mtaa, walikochimba udongo wa matofali likajaa maji na takataka, litageuzwa bustani ya watu wote. Ipandwe miti, maji yasafishwe, ndege waachwe waishi. Anatakiwa mlinzi. Wengine walitazama pembeni, maana nani anataka kulinda vyura? Kapya alinyoosha mkono kabla Mwansa hajamaliza kusoma.

Alitoa makopo na matairi kwa toroli, siku baada ya siku. Matete aliyafuata mtoni, akayabeba begani na mizizi yake na matope yake, akayapanda ukingoni mstari kwa mstari. Watoto wenye manati aliwafukuza, na baba zao wakija kuuliza, aliwafukuza nao. Mwaka wa kwanza walikuja vyura. Mwaka wa pili, mvua za kwanza zilipogusa ardhi, alikuwa anasukuma toroli yake asubuhi aliposikia maji yanamiminwa ndani ya matete. Alisimama. Yakamiminika tena. Mzee mzima akaketi juu ya toroli akalia, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu mapenzi ni kikohozi.

Neno likaenda na Chomba, jibu likarudi na Chomba: Honorine atafika Jumapili ya pili.

Hapo ndipo mwanamume alipoharibu.

Unajua sisi na uwanja. Mgeni akija, unafagia mpaka ardhi ing'ae na mistari ya ufagio ionekane. Majani mlangoni ni aibu. Wataingia nyoka na watu watasema nyumba haina mwenyewe. Sasa Jumamosi, kesho yake mkewe anafika, ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya umma ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikwepa. Watu arobaini walifika kwenye shimo na mapanga na majembe, wakamwuliza Kapya wafyeke mpaka wapi. Angeweza kusema, hapa msiguse. Lakini alitazama yale matete yaliyosongamana, akamwona kichwani mwake Honorine akishuka kwenye lori na kukuta vichaka kwa mumewe kama kwa mtu mvivu.

"Musafishe," akasema. "Muniachie kidogo tu pale katikati, ya ndege."

Walisafisha, maana watu wa mtaa ule wakishika panga hawana utani. Dudumizi aliruka kutoka kwenye yale matete machache, akapita juu ya mapaa, akaenda zake. Kapya hakumwona. Alikuwa ameinama na ufagio wake, anafagia ukingo wote wa maji, na kwa kweli ulipendeza.

Honorine alifika jioni ya Jumapili na vumbi la Kasomeno, njia ya kutoka Kilwa, kwenye nyusi. Asubuhi waliketi wawili ukingoni, wametega sikio, mpaka king'ora cha kiwanda kikalia na jua likapanda. Hakuna kilichomiminika. Honorine aliinuka, akazunguka maji, akainama mahali na kuokota kipande cha ganda jeupe la yai.

"Baba Mutale, ulinifagilia?"

"Nilikufagilia, mama."

"Njo hapo ulikosa. Kiwanja ya bantu banafagiaka. Nyumba ya ndege haifagiwake." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuwa na hasira hata kidogo. "Ikirudi, uniite tena."

Jumanne akapanda lori. Majuto ni mjukuu, na wa Kapya alikuja mapema sana.

Tangu siku ile hakushika tena ufagio. Ule wa kazini aliuchoma, ule wa nyumbani akaufuatisha. Majani yaliota kwenye uwanja wake mpaka kwenye kizingiti, na jirani yake Germaine alimsemesha kila asubuhi juu ya ukuta: "Citoyen, nyoka itakuoa mbele ya bibi yako kurudia!" Kapya alicheka kidogo, akaenda kwa matete yake. Siku za salongo alisimama mbele ya matete hayo na mikono wazi, na mwenye panga hakupita.

Matete yakaota. Kiangazi kikaja, kikaenda. Mvua ziliporudi, dudumizi walilia wawili, mmoja akiita na mwingine akijibu. Kapya alikaa juma zima bila kumwambia mtu, kwa hofu. Kisha akamtuma Chomba.

Lori liliporudi, aliliona kutoka mbali na akajua kwamba nafasi ya kando ya dereva ilikuwa tupu. Chomba aliteremka, akatoa chini ya kiti kitu kirefu kilichofungwa kitambaa.

"Bibi yako anasema mvua ikipunguka, anakuya. Hii njo ametanguliza."

Ulikuwa ufagio mpya, umefungwa kwa kamba ya wavu.

"Amesema ni ya kwenye nyumba," Chomba akaongeza. "Kwenye maji usifike nayo."

Kapya alienda nyumbani, akang'oa majani yote ya uwanja kwa mikono, akafagia kuanzia kizingiti mpaka barabarani. Usiku mvua ikanyesha, ikafuta mistari yote. Watu walisema njia ya Kasomeno imekuwa matope matupu na malori yamelala. Asubuhi, dudumizi wakiitana kule shimoni, alichukua ufagio wa mkewe akafagia tena.