Kuku Yenye Kulalia

Rafiki yangu, mi naambia weye juu roho yangu inakuaminia. Kila mara nasikia harufu ya manyoya ya kuku mu mayi ya moto ya kunyonyolea, naacha chakula.

Wakati benyeji balitufukuza mu Kolwezi, sisi batu ba kabila ingine, kuku yetu ilikuwa inalalia mayayi kumi. Mama alikatala kuibeba.

"Kuku yenye kulalia habaihamishake. Mayayi itaoza."

Aliiachia mama jirani, mwenzake wa maombi.

"Enda na amani, dada. Nitakuchungia."

Tulilala ku gare, tukingojea treni. Mi nilihesabia siku ya kulalia na makala ku valizi yetu ya nguo. Siku ya makumi mbili na moya, siku ya kutotoa, nilikimbia kwa jirani kuona batoto ba kuku. Mama jirani alikuwa ananyonyoa ile kuku. Mayayi alishaitupa ku takataka, batoto ndani na manyoya yabo.

"Kumbe mungali hapa? Nilizani treni ilishababeba nyinyi bote."

Mutoto wake akacheka: "Kuku ya bilulu itazala bilulu." Bilulu ni badudu, njo jina balitupatia.

Ku gare mama aliuliza: "Batoto ba kuku banatoka mu mayayi?"

"Ndiyo mama. Yote kumi."

Akapiga magoti, akaombea jirani baraka. Hata leo anamuombea, na mi naitika amina.

Ambia bengine hii habari. Ila isimufikie mama yangu.