Bisibisi ya Fundi Wangu

Kwenye karakana ya reli Tabora, fundi aliyenilea kikazi alikuwa akigusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini ya dizeli inayonguruma, mpini ameubana sikioni, kisha anataja beringi iliyochoka. Hakuwa akikosea. Nami nilijifunza hivyohivyo kwa miaka, nikiinama ubavuni pake.

Treni za umeme zilipokaribia, tulipelekwa mafunzoni sote wawili. Siku ya kwanza mkufunzi aliwasha mota, akauliza tutajuaje kama ni nzima. Mzee akachomoa bisibisi yake, akainama. Darasa zima likacheka. Mkufunzi akanigeukia mimi, kwa kuwa tulitoka karakana moja.

"Huko kwenu ndivyo mnavyofanya?"

"Hapana," nikasema. "Ni yeye tu."

Mzee alinyanyuka taratibu, akaifuta bisibisi kwa kitambaa. Kesho yake hakuja, wala hakurudi tena.

Wiki ya pili mkufunzi akatuletea kifaa cha kusikilizia beringi za mota. Kilikuwa na ncha ndefu ya chuma, na mirija miwili ya kuvaa masikioni. Nilikitumia kama mtu aliyekizoea tangu zamani, nikasifiwa. Hata hapo sikusema nilikojifunza, mpumbavu mimi.

Juzi nilimkuta mzee mtaa wa Ng'ambo, amekaa kibarazani kwa fundi baiskeli. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akanitegea sikio, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaitikia marahaba.

Ningesema injini zimemharibu masikio. Lakini nilipokuwa nakaribia, fundi baiskeli alikuwa akimsemesha kwa sauti ya chini, naye alikuwa akimjibu.