Dakika Kumi na Tisa Kufika Didia

Mjomba wangu alizikwa Didia bila mama kumwona uso, na aliyesababisha ni mimi. Nimeiandika sentensi hiyo kwa namna nyingi, lakini kila nikiilainisha naona nadanganya.

Tulitoka Bulyanhulu asubuhi, mimi, mama na jirani yetu mwenye gari. Mjomba alikuwa mdogo wake wa mwisho, ambaye mama alimbeba mgongoni yeye mwenyewe akiwa bado mtoto. Njia nzima mama alikuwa na ombi moja tu: amwone kabla jeneza halijafungwa.

Tulipofika Kahama, saa saba na robo, baba mdogo wa mama, aliyekuwa akisimamia mazishi, alinipigia simu. Nikamwamkia, naye akaniuliza kama tutawahi, kwa sababu wangeweza kuahirisha mpaka kesho yake asubuhi. Kwetu swali kama hilo hujibiwa "tunakaribia", na aliyeuliza anajua kuongeza saa zake mbili kimyakimya. Lakini mimi siwezi kutamka jambo la kukisia. Nikikosea kidogo tu sipati usingizi. Nikatazama ramani kwenye simu.

"Babu, tutafika saa nane na dakika arobaini."

Akasema vizuri, basi watazika saa tisa.

Tulipoipita Isaka dereva akaacha kuongea. Baadaye akauliza, "Mbona hatupishani na magari?" Kwa kawaida kwenye lami ile malori yanakuja moja baada ya jingine, na madereva huonyeshana kwa taa na mikono kuna nini mbele. Alitaka asimame kwenye kibanda cha chipsi aulize. Nikamkatalia. Nikamweleza, kama mwalimu, kwamba ramani inapokea mwendo wa simu zilizoko barabarani. Simu zikienda polepole, mstari unageuka mwekundu. Wetu ulikuwa wa bluu. Mambo hayo nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video, na nilijivunia kuyajua. Dereva akakanyaga mafuta.

Kilomita chache mbele tukaikuta foleni. Lori la mizigo lilikuwa limelala juu ya daraja dogo, limeziba pande zote mbili. Magari yote yalikuwa yamezimwa. Bodaboda peke yao walishuka kwenye korongo kavu kando ya daraja, wakapanda ng'ambo na kuendelea na safari. Nikatazama simu. Bluu. Dakika kumi na tisa kufika.

Mama akasema, "Nitafutie pikipiki."

Nikamwambia atulie, goti lake haliwezi korongo lile, na zimebaki dakika kumi na tisa tu. Babu alipopiga saa tisa, nikamsomea hizohizo. Nusu saa baadaye bado zilikuwa kumi na tisa.

Ndipo nikaanza kuelewa, au kudhani naelewa. Waliokwama kwenye foleni walikuwa wamezima data ili bando lisiishe. Bodaboda wanawasha data kutwa, maana wateja wengine huwapata kupitia simu. Inaelekea ramani ilikuwa inawasikia wao peke yao, na wao walikuwa wanapita. Simu yangu moja haikuhesabika; kwa ramani, sisi wengine hatukuwepo.

Nilichofanya baada ya hapo naona aibu kukisimulia. Nilishuka nikatembea gari hadi gari, nikiomba watu wawashe data ili ramani itambue kwamba tumekwama. Dereva mmoja wa lori, aliyekuwa amelala kwenye mkeka chini ya tela lake, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nikiwasha, lile lori litanyanyuka?"

Wenzake wakacheka. Mama mmoja aliyebeba kuku aliwasha ya kwake, nadhani kwa kunihurumia. Mstari haukubadilika.

Babu akapiga tena. Wingu lilikuwa limetanda Didia, mchungaji alikuwa amekwishasimama, na mwili haukuwa wa kungoja zaidi. Akauliza tuko wapi hasa, na tutafika saa ngapi.

"Sijui, babu."

Kisha akasema, "Basi."

Nikaenda kutafuta pikipiki mbili. Aliyembeba mama alimwambia, "Mayu, mama yangu, nishike kiunoni, usinionee haya," wakazama korongoni. Wangu alikuwa ameifunga simu yake kwenye usukani, data imewashwa. Tukawapita wote waliokwama.

Tulipofika, wanaume walikuwa wakinawa udongo mikononi. Babu hakunigombeza. Aliniitikia shikamoo yangu, kisha akasema kwa upole, "Ulitaja mpaka dakika. Ndiyo maana sikuahirisha." Ningeweza kumweleza habari za bodaboda na data.

Mama alikaa chini kando ya tuta jipya, mguu mbaya ameunyoosha, akamwita mjane wa mjomba aje karibu.

"Wifi, alikuwaje?"

Wifi yake akamwambia walimnyoa vizuri, wakamvika shati jeupe, na mdomo ulifunga wenyewe. Mama akauliza kama alikuwa amevimba. Hakuvimba. Akauliza kuhusu jicho la kushoto, lile ambalo tangu utotoni lilikuwa halifumbi sawasawa hata akiwa usingizini.

"Lilifumba," wifi yake akasema.

"Kabisa?"

"Kabisa."

Mama akageuka akanitazama, kama anayetaka mtu wa kumhakikishia. Mimi sikuliona; nikatazama udongo.